Nani Anashika Daftari? Tathmini ya Huduma ya Dharura kwa Watoto na Familia za Uwanda wa Kano

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya kuratibu msaada wa haraka kwa watoto na familia zilizohamishwa na maji katika Uwanda wa Kano, Kaunti ya Kisumu, wakati wa masika ya mwaka 2024. Iliendeshwa na shirika moja lisilo la kiserikali likishirikiana na ofisi ya chifu, walimu wa shule ya msingi iliyogeuzwa kambi, afisa wa watoto, na sisi wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao wenyeji wanatuita nyamrerwa. Shirika lenyewe silitaji, kwa kuwa ninachopima ni kazi, na kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza nimeziona kwa wengine pia. Ninawaandikia wanaochanga fedha makanisani, katika vyama vya akina mama na huko ughaibuni, ambao kila mvua ikizidi huuliza mchango wao waukabidhi nani. Na ninaziandikia familia za Nyando na Nyakach hapa Kisumu, na za Budalang'i kule Busia, ambazo zitaihitaji huduma ya aina hii tena mto utakapovunja kingo.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa kasi ya kufika, huduma hii ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kufanya kazi nayo. Kwa kuandikisha watoto, ilianza vibaya, ikasahihishwa, na baada ya kusahihishwa ikawa ya kuigwa. Kwa msaada wa fedha kwa njia ya simu, iliwasaidia wengi na kuwaacha nje wale hasa waliokuwa na dhiki kubwa zaidi. Kwa familia zilizokwenda kukaa kwa jamaa, haikuwapo. Yote manne yanatokana na jambo moja, nalo ni orodha: nani anaiandika, anamwuliza nani, na nani anaruhusiwa kuisahihisha.

Mtu asiyeijua Kano anaweza kudhani kwamba mafuriko yote ni ya namna moja. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru, maji yalishuka kwa kishindo, yakaua watu zaidi ya 40, yakapita. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu katika kaunti hiyo hiyo, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalifumuka na kusomba nyumba watu wakiwa usingizini. Katika misiba kama hiyo kazi ya kwanza ni uokoaji, kuwatafuta waliofukiwa na tope, na kuwatambua watoto waliobaki peke yao. Kwetu maji hayaendi mbio hivyo. Mvua inayotufurikisha mara nyingi hainyeshi kwetu. Inanyesha kwenye miinuko ya Nandi na Kericho, inashuka na Mto Nyando, inatawanyika kwenye tambarare ya udongo mweusi usiokunywa maji upesi, na mwaka huo ililikuta Ziwa Victoria limepanda kufikia kiwango ambacho halikuwahi kufikia tangu lianze kupimwa, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda. Vifo kwetu huwa vichache, lakini familia hukaa nje ya nyumba zao kwa wiki nyingi, na nyingine kwa miezi. Huduma iliyobuniwa kwa ajili ya siku tatu za kwanza haitoshi hapa, na hicho ndicho kipimo nilichokitumia.

Tuanze na sifa, kwa sababu zinastahili. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa maonyo, chifu alikuwa ameitisha baraza, na shirika, badala ya kusubiri picha za watu waliosimama kwenye mapaa, lilikuwa limekwisha kuweka bidhaa katika ghala mjini Kisumu na kukubaliana bei na wenye malori na wavuvi wenye boti. Maji yalipovuka barabara usiku, hakuna aliyesimama gizani kubishana juu ya pesa za mafuta. Kabla ya adhuhuri, waliotoka kwenye maji walikuwa wamepata turubai, mablanketi, vyandarua, sabuni, na ndoo yenye kifuniko na bomba. Furushi la wanawake na wasichana lilikuwa na sodo, nguo za ndani na tochi. Tochi hiyo inaweza kuonekana ni kitu kidogo kwa anayeandika bajeti akiwa ofisini penye umeme, lakini msichana anayekwenda chooni usiku katika uwanja wenye mamia ya watu wasiojuana anaijua thamani yake, na yeyote aliyeiongeza kwenye orodha ya manunuzi alikuwa amezungumza na wasichana kwanza.

Uandikishaji ni habari nyingine. Meza iliwekwa kwenye kibaraza cha darasa la nne, na makarani wawili wakapewa fomu yenye maswali manne: jina la mkuu wa kaya, namba ya kitambulisho, namba ya simu, idadi ya watoto. Kwa mtazamo wa haraka fomu hiyo inaonekana safi. Tatizo ni kwamba kaya haifiki kambini ikiwa nzima. Baba yuko Nairobi au Nandi kwenye kazi za kibarua. Mama amebaki juu ya tuta akilinda ng'ombe na mabati. Nyanya amebebwa na bodaboda wa kwanza. Watoto wamepandishwa kwenye boti na jirani yeyote aliyekuwa na nafasi. Nilimwona msichana wa miaka kama 13 akiwa na mdogo wake mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akaandikwa chini ya jina la mwanamke aliyekuja naye, kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kumwandika yeye. Kufikia jioni mwanamke huyo alikuwa, kwa mujibu wa karatasi, na kaya ya watu tisa. Siku chache baadaye alichukuliwa na dada yake kwenda upande wa Ahero, akaondoka na kadi yake ya mgao, na wale watoto watatu wakabaki hawana kadi, hawana jina lililoandikwa popote, na hawana unga. Hakukuwa na mtu mwenye nia mbaya katika jambo hilo. Mwanamke aliwaokoa watoto wa mwenzake, karani aliijaza fomu kama alivyofundishwa, na watoto wakapotea kwenye karatasi wakiwa wamesimama mbele ya meza.

Afisa wa watoto ndiye aliyelirekebisha. Alipofika aliomba daftari la pili, la watoto peke yao, na akakaa na kila mtoto aliyekuja bila mzazi, si kwa kumwuliza jina la mkuu wa kaya bali kwa maswali ambayo mtoto anaweza kuyajibu.

"Jana usiku ulilala na nani, mwanangu?"

"Na hawa wadogo zangu."

"Na mtu mkubwa aliyekuwa karibu nanyi ni nani?"

"Mama Otis alikuwa, lakini ameenda. Mama yetu yuko kwa ng'ombe, kule kwa tuta."

Kutokana na majibu hayo mafupi ilijulikana kwamba watoto hawa hawakuwa yatima wala hawakutelekezwa. Mama yao alikuwa hai, umbali wa mwendo wa boti, na jioni hiyo hiyo mwendesha boti alipewa ujumbe wa kumpelekea. Kila mtoto aliyeandikwa katika daftari la pili alifungwa mkononi ukanda wenye namba tu, bila jina wala kijiji, ili asije mtu asiyemjua akamwita kwa jina lake na kujifanya mjomba. Jina lililolingana na namba lilibaki kwenye daftari, na daftari lilifungiwa kabatini katika ofisi ya mwalimu mkuu. Msichana niliyemtaja alipewa kadi kwa jina lake mwenyewe kama mlezi wa muda, chini ya uangalizi wa mwanamke mmoja mzee aliyechaguliwa na watoto wenyewe.

Nataka kulisisitiza hili kwa wachangaji. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zinaweka masilahi ya mtoto mbele ya kila jambo linalomhusu, na mafuriko hayaisimamishi sheria. Katika wiki ya kwanza walikuja watu wenye gari zuri wakitaka kuwachukua watoto "wasio na wenyewe" wawapeleke kwenye makao yao. Huenda walikuwa wema. Waliambiwa kwamba hakuna mtoto atakayetoka langoni bila barua ya afisa wa watoto, wakaondoka. Nchi hii ina mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa mwaka 2022 hadi 2032, unaolenga watoto walelewe katika familia badala ya kurundikwa katika makao, na dharura ndiyo wakati ambapo mtoto mwenye mama juu ya tuta anaweza kuishia kwenye makao ya watoto mbali na kwao kwa sababu tu hakuna aliyemwuliza alilala na nani.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuliuliza shirika lolote linaloomba fedha zako ni kama lina daftari la watoto, na kama lina watu waliofunzwa kulijaza kabla lori halijatoka ghalani. Hili lilipatikana kwetu, lakini lilipatikana kwa juhudi za mtu mmoja aliyelisisitiza, jambo ambalo halitoshi.

Ubao wa mwalimu mkuu ulikuwa chombo bora zaidi cha uratibu nilichokiona. Katika siku za mwanzo walikuja watu wengi wenye moyo wa kutoa: makanisa, wafanyabiashara wa Kisumu, vikundi vya vijana, mashirika mengine. Kila mmoja alileta unga wa mahindi na kila mmoja aliandika orodha yake. Mama mmoja aliulizwa na watu watatu tofauti, kwa siku moja, alipoteza nini, na mara ya tatu aliinuka akaenda zake bila kujibu. Unga ulirundikana hadi dirishani, lakini sufuria hazikuwepo, na kuni zote za Kano zilikuwa zimelowa. Familia zilikuwa na chakula ambacho hawakuweza kukipika. Ndipo mratibu wa shirika akaomba ubao, akachora safu kwa chaki: nani analeta nini, wapi, lini, na safu ya mwisho, nani amekosa. Kila jioni, chifu au naibu wake, mwalimu mkuu, afisa wa watoto, mwakilishi wa akina mama na mmoja wetu tulisimama mbele ya ubao huo. Aliyetaka kuleta unga aliombwa alete makaa. Aliyetaka kuleta nguo kuukuu aliombwa alete sare za shule. Baadhi walikasirika, kwa sababu makaa hayapendezi kwenye picha, lakini wengi walielewa na kushukuru kuelekezwa. Ningependa kuona ubao wa namna hiyo katika kila kambi, na ningependa safu ile ya mwisho isifutwe na yeyote isipokuwa mwakilishi wa akina mama.

Upande wa afya sina malalamiko makubwa. Tuliruhusiwa kuweka meza yetu kando ya meza ya uandikishaji, hivyo mama alipanga foleni mara moja tu: akiandikishwa upande mmoja, mtoto wake mwenye umri kati ya miezi sita na miaka mitano anapimwa mkono upande wa pili kwa ule utepe wenye rangi unaoonyesha utapiamlo. Mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake ulikuwa chini ya sentimita 12.5 alifuatiliwa kwa karibu, na aliye chini ya 11.5 alipelekwa hospitali ya Ahero bila kusubiri kesho. Maji yalitibiwa kwa vidonge vya klorini, kidonge kimoja kwa mtungi wa lita 20 kisha kusubiri nusu saa, ila shehena moja ya vidonge ilikuja na nguvu tofauti na maelezo ya lugha ambayo hakuna mama aliyeweza kuyasoma. Tuliitenga. Anayenunua vidonge kwa ajili ya watu wa Kano anunue vile ambavyo wamekwisha kuvizoea.

Kuhusu maji na vyoo, viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada duniani kote, vinataka angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu wasiozidi 20, na nafasi ya kulala ya mita za mraba 3.5 kwa kila mtu. Maji yalifikia kiwango baada ya tangi kuletwa. Vyoo havikufikia hata siku moja, na si kwa uzembe: shimo likichimbwa katika udongo wetu uliolowa hujaa maji kabla halijaisha kuchimbwa, na vyoo vya kuinuliwa vilivyohitajika vilichelewa. Darasani, nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba mama wenye watoto wachanga walilala wameketi. Hapa shirika lilisema wazi kwenye ubao kwamba kiwango hakijafikiwa, na mimi naheshimu anayeandika upungufu wake mahali ambapo kila mtu anauona.

Sasa nije kwenye fedha. Kenya imekuwa na M-Pesa tangu mwaka 2007, na kutuma fedha kwa simu badala ya kusomba magunia ni jambo jema. Fedha zinampa mama uhuru wa kununua anachokihitaji, zinabaki kwa wauzaji wa soko la Ahero, na hazimlazimishi mtu kupanga foleni juani. Familia nyingi zilinunua dawa, zikalipa nauli ya kwenda kuangalia nyumba, zikanunua mbegu. Nimeona matumizi hayo kwa macho yangu na sina shaka nayo. Lakini fedha zilitumwa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu aliyeandikwa, na kitambulisho chake kikalinganishwa. Katika familia nyingi laini imesajiliwa kwa jina la mume aliye mbali. Simu nyingine zilikuwa zimezama. Kubadilisha laini kunahitaji kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilikuwa chini ya maji.

"Nyanya, nipe namba yako ya simu," karani alimwambia bibi mmoja anayelea wajukuu wanne ambao wazazi wao wamefariki.

"Mjukuu wangu, mimi natumia ya jirani. Andika ya jirani."

"Ya jirani mfumo unaikataa, nyanya. Majina hayalingani."

Bibi huyo alikaa nje ya orodha ya fedha kwa mizunguko yote ya mwanzo, naye ndiye ambaye yeyote angemtaja kwanza kama angeulizwa ni nani kambini ana shida kuliko wote. Wengine wa namna yake walikuwa wasichana walio chini ya miaka 18 wanaolea wadogo zao, ambao kwa sheria hawana kitambulisho, na wanawake waliotoroka waume wenye vurugu, ambao fedha zao zilikwenda moja kwa moja kwenye simu za waume hao. Suluhisho lilipatikana baadaye na halikuwa gumu: mtu asiye na laini alichagua mpokeaji mbele ya mashahidi wawili na mzee wa kijiji, au alipewa vocha ya kuchukua bidhaa kwenye duka lililokubaliwa. Njia hiyo ilipaswa kuwapo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kila anayefanya kazi Nyando anajua ni nani hana simu. Kuchelewa huko ndiko kunakonifanya niipunguzie huduma hii alama nyingi kuliko jambo jingine lolote isipokuwa lile linalofuata.

Lile linalofuata ni familia zilizopokewa na jamaa. Huduma ilimhesabu aliyelala shuleni. Aliyekwenda kwa shemeji yake kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa na watu saba, ikawa na watu 15, hakuhesabiwa, wala yule shemeji aliyegawa unga wake hakuhesabiwa. Wenye kumbukumbu ya Nakuru wanalijua hili vizuri. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, waliokusanyika kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru walionekana, wakapigwa picha, wakaandikwa. Waliojibanza kwa ndugu na kwenye vyumba vya kupanga walihangaika kwa miaka mingi wakitafuta kutambuliwa kuwa nao walihamishwa. Kwetu matokeo yalionekana upesi zaidi. Akina mama walianza kurudi shuleni jioni wakiwa na watoto wachanga, wakalala kwenye sakafu ya saruji usiku kucha ili wawepo wakati wa kuhesabiwa asubuhi, kisha mchana wakarudi kwa jamaa. Watoto waliokuwa mahali pakavu walitolewa wakaletwa penye kikohozi na msongamano. Nililipeleka jambo hili mbele ya ubao zaidi ya mara moja na jibu lilikuwa kwamba bajeti ni ya walio kambini. Mzee wa kijiji angeweza kuziandika kaya zinazopokea wageni kwa siku moja, kwa kuwa anazijua nyumba zote.

Kulikuwa na eneo la watoto chini ya mti, lenye mikeka, mipira na karatasi za kuchora, likisimamiwa na vijana wawili waliofunzwa ushauri nasaha wa awali. Wadogo walilipenda, na mama zao walipata saa chache za kupumua. Vijana wa miaka 14 na kuendelea hawakuwa na lao; wavulana walikwenda kupakia mchanga, wasichana walichota maji na kubeba watoto. Serikali ilikuwa imeahirisha kufunguliwa kwa shule kutoka tarehe 29 Aprili, na zilipofunguliwa tarehe 13 Mei hapakuwa na mpango wowote wa mahali pa kuzihamishia familia zilizokuwa madarasani. Mahema yalisimikwa uwanjani kwa haraka, kwenye tope. Mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amezitoa funguo zake usiku bila kuuliza swali, alistahili kushirikishwa mapema.

Huduma iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote pale kambini ilikuwa kuchaji simu. Mwanzoni kijana mmoja alichaji kwa malipo, kisha shirika likaleta paneli ya sola na kuchaji kukawa bure. Namba 116, ya bure, ya kuripoti mtoto aliye hatarini, na 1199 ya Msalaba Mwekundu zilikuwa zimeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila mlango wa darasa tangu siku ya kwanza, lakini namba haimsaidii mtu ambaye simu yake imezima.

Sanduku la malalamiko liliwekwa mbele ya meza ya makarani, yaani mbele ya watu wanaolalamikiwa, na likakaa tupu. Malalamiko ya kweli yalipitia kwa mwakilishi wa akina mama, wakati wa kufua. Ndivyo ilivyojulikana kwamba mtu mmoja aliyekuwa akisaidia kwenye meza alimwambia msichana kwamba jina lake litaingia kwenye orodha akikubali kuonana naye usiku. Nasema kwa haki: siku hiyo hiyo mtu huyo aliondolewa, taarifa ikaandikwa polisi na kwa afisa wa watoto, na msichana akapelekwa kwa mshauri wa kike bila kutajwa mbele ya watu. Sijawahi kuona jambo la aina hiyo likishughulikiwa kwa uharaka na staha kiasi hicho. Hata hivyo sanduku lihamishwe, na mwakilishi huyo alipwe posho, kwa kuwa anafanya kazi ambayo shirika linaihitaji.

Shirika lilipoondoka liliacha vifurushi vya kurudi nyumbani, vyenye jembe, mbegu na turubai jipya, lakini daftari la watoto liliondoka pamoja na kompyuta. Tulipoomba nakala ibaki, tulijibiwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hairuhusu. Mimi naiona hoja hiyo kuwa imegeuzwa. Sheria ile inalinda habari za mtoto zisiangukie mikononi mwa asiyehusika, na afisa wa watoto anahusika kuliko shirika lolote, kwa kuwa yeye atakuwepo Nyando mwezi ujao na mwaka ujao, na kati ya watoto wale wapo ambao hadi kambi ilipofungwa walikuwa bado na mlezi wa muda. Makubaliano ya kumwachia nakala yaandikwe kabla ya mvua, yatiwe sahihi na pande zote mbili.

Nitaipokea huduma hii tena, na nitamshauri anayechanga aichangie, kwa masharti matatu ambayo nimekwisha kuyawasilisha kwa shirika kwa maandishi: daftari la watoto na mtu wa kulishika wawepo kwenye lori la kwanza, njia ya kumlipa asiye na laini wala kitambulisho iwe tayari siku ya kwanza, na kaya zinazopokea wageni ziandikwe na mzee wa kijiji na kuwekewa fungu lake katika bajeti. Mawili ya kwanza yamekubaliwa. La tatu bado linajadiliwa, na wachangaji ndio wenye uwezo wa kulisukuma, kwa kuandika kwenye barua ya mchango wao kwamba sehemu ya fedha ni ya walio nje ya kambi.

Kwa familia, yapo ambayo hayahitaji kumngojea mtu. Funga kitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki katika mfuko wa nailoni na uuning'inize juu, si sandukuni. Mfundishe kila mtoto anayeweza kusema jina lako lote, si "mama" peke yake, pamoja na jina la kijiji, la naibu wa chifu, na namba ya simu ya jamaa mmoja aishiye mbali na mto. Ukiwapandisha watoto kwenye boti ya jirani, mwambie jirani mbele yao kwamba kwenye meza aseme ni watoto wako na kwamba unakuja. Na mkifika mahali pa kuandikishwa, kama karani hana nafasi ya kumwandika mtoto aliyekuja peke yake, mwombeni amwite afisa wa watoto, au pigeni 116 mkiwa palepale kwenye foleni.